Je, kusikiliza anguko la kanisa la Mars Hill ni umbea?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa vijana katika kanisa la Waswahili huku kusini mwa Seattle, Marekani. Wengi wetu tumetoka Kongo, Burundi na Kenya. Ibada ni ya Kiswahili, lakini vijana wenyewe kwa wenyewe wanaongea Kiingereza. Tulianza kusikiliza pamoja podikasti (kipindi cha sauti cha mtandaoni) ya The Rise and Fall of Mars Hill, inayosimulia kuinuka na kuanguka kwa kanisa la Mars Hill na mchungaji wake mwanzilishi, Mark Driscoll, kwa kuwa kanisa lile lilikuwa hapa hapa mjini kwetu. Nilidhani tutajifunza uongozi, kumbe nimewasha moto. Binti mmoja alilia mpaka tukazima. Kijana mwingine anacheka, anangoja sehemu inayofuata kama anangoja tamthilia. Mama mmoja aliyekuwa amekaa nasi akauliza, "Sasa kosa lake ni nini hasa? Hakuiba, hakuzini." Habari zikamfikia Baba Mchungaji, akasema madhabahuni kwamba huo ni umbea wa wazungu na imeandikwa msiwaguse masihi wangu. Je, nimekosea? Na kwa nini watu wasikie kitu kimoja, kila mmoja aitikie kivyake?

JIBU: Amina, mwanangu, na pole kwa kusemwa madhabahuni.

Nianze na yule mama, maana swali lake limenikaa kichwani wiki nzima. Ameuliza walichouliza wasikilizaji wengi, Wamarekani wenyewe wakiwemo, na bodi ya kanisa lile ilisema maneno yanayokaribiana na yake. Mark Driscoll alipojiuzulu Oktoba 2014, bodi ilieleza kwamba hakuwahi kushtakiwa kwa uasherati, uvunjaji wa sheria wala mafundisho potofu. Alichokutwa nacho ni kiburi, hasira za haraka, maneno makali na kuwatawala wazee na wafanyakazi kibabe. Bodi ikaongeza kwamba kwa maoni yake hayo hayamwondolei sifa ya kuwa mchungaji.

Kwetu sisi, orodha hiyo haifanani na orodha ya dhambi. Inafanana na wasifu wa mwalimu mkuu hodari wa shule ya bweni. Tunasema "baba yetu ni mkali, hana mchezo na kazi ya Mungu," na tunasema kwa fahari. Tena tangu 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, kipimo chetu kimeharibika zaidi: mchungaji asiyeua waumini wake anaonekana malaika. Kwa hiyo mama haulizi kwa ujinga. Anapima kwa kipimo tulichompa.

Mrudishe nyuma hadi 2007. Mars Hill ilianza mwaka 1996 kama kikundi cha Biblia nyumbani, na kufikia wakati huo ilikuwa na maelfu ya watu. Uongozi ukataka kuandika katiba upya ili mamlaka yaliyokuwa ya baraza zima la wazee yahamie kwa wachache. Wazee wawili wakahoji rasimu. Wakafukuzwa kazi, wakahukumiwa na wazee wenzao, na kwa mmoja wao washirika waliambiwa wajitenge naye. Katika majira hayo hayo kuna sauti ya Driscoll iliyorekodiwa, na podikasti inakusikilizisha, akisema kwamba nyuma ya basi la Mars Hill kuna rundo la maiti, na kwamba kwa neema ya Mungu rundo hilo litakuwa mlima kabla safari haijaisha. Watu wapande basi, la sivyo basi litawapitia juu.

Kwa neema ya Mungu. Mwambie mama asikilize hapo mara mbili.

Kisha aulize baada ya hapo ni nani aliyebaki wa kusema hapana. Hata lile la "hakuiba" mpe habari kamili alipime mwenyewe. Kitabu cha Driscoll cha ndoa kilipotoka 2012 kilifika kileleni katika orodha ya vitabu vinavyouzika sana ya gazeti la New York Times. Machi 2014 ikajulikana kwamba kanisa liliingia mkataba na kampuni ya kununua nakala kwa maelfu, kwa gharama ya zaidi ya dola 200,000, ili kitabu kipande kwenye orodha hiyo. Hakuna aliyefungwa, na si wizi kwa maana ya polisi. Lakini mama yako anatoa sadaka kila Jumapili kutoka kwenye mshahara wa kusafisha vyumba au wa kiwandani. Muulize hilo angeliitaje.

Agosti 2014 mtandao wa makanisa wa Acts 29, ambao Driscoll mwenyewe aliuanzisha pamoja na wengine, ulimwondoa. Mwezi huo huo wachungaji 21 waliowahi kutumika chini yake waliwasilisha mashtaka rasmi ya kikanisa dhidi yake. Mwaka ulipoisha, kanisa lenye matawi 15 katika majimbo 5, lililowahi kukusanya zaidi ya watu 12,000 kwa wiki, lilikuwa limevunjwa. Matawi mengine yakawa makanisa yanayojitegemea, mengine yakafungwa. Kwa hiyo jibu fupi kwa mama ni kwamba kosa lake lilikuwa kumwondoa kila aliyeweza kumzuia. Ni kosa lisilo na harufu. Hakuna gesti wala bahasha humo, ndiyo maana masikio yetu hayalisikii haraka.

Sasa Baba Mchungaji. Simfahamu, wala sitaki kumsema asipokuwapo, kwa hiyo nitajibu andiko lake tu. "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu" ni Zaburi 105:15. Soma kuanzia aya ya 9. Hao masihi ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni wanaotangatanga nchi kwa nchi bila ardhi wala jeshi. Wanaokemewa ni wafalme. Yaani ni andiko la kumkinga mkimbizi asionewe na mwenye kiti, na sisi tumeligeuza liwe la kumkinga mwenye kiti asiulizwe na mkimbizi. Kwa kanisa lililojaa watu waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, kugeuza huko kunauma mara mbili.

Na yule aliyekataa kabisa kumgusa masihi wa Bwana, Daudi, alifanyaje? Kule Engedi alikata pindo la vazi la Sauli, moyo ukamchoma, akakataza watu wake wasimdhuru. Halafu akatoka pangoni, akapaza sauti, akamwonyesha Sauli kile kipande cha nguo na kumwambia wazi kwamba anamwinda bure, wakati Sauli amekuja na askari 3,000. Mkono hakuunyosha, lakini mdomo hakuufunga. Nathani naye hakumgusa Daudi. Alimwambia tu, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Huenda utaletewa pia Hamu aliyeuona uchi wa babaye, maana andiko hilo haliko mbali katika mazungumzo kama haya. Nuhu alikuwa amelewa hemani mwake, amelala, hajamdhuru mtu. Mtu anayelala uchi unamfunika. Mtu anayepiga watu kwa fimbo hafunikwi blanketi ili aendelee kupiga. Na Paulo, baada ya kumwonya Timotheo asipokee mashtaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu, hakuishia hapo kama tunavyoishia sisi. Aya inayofuata inasema wanaodumu kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Tunanukuu ya 19, ya 20 tunaiacha.

Je, podikasti ni umbea? Umbea hauna jina la msemaji wala tarehe, wala hauoneshi karatasi. Hapa Mike Cosper, mtangazaji wake, ambaye naye aliwahi kuwa mchungaji huko Louisville, ameketisha watu wanaosema kwa majina yao, kwa sauti zao, yaliyowakuta. Hao ni mashahidi. Ila Baba Mchungaji ana ukweli mahali fulani, nami simnyimi: hata ushuhuda wa kweli unaweza kusikilizwa kimbea. Penye kuku wengi usimwage mtama, na kuku mmoja unaye, yule kijana anayecheka.

Usimkasirikie. Ilitengenezwa vizuri mno, na hilo ni lawama iliyotolewa tangu sehemu za kwanza zilipotoka Juni 2021. Muziki unapanda, sauti inakatwa mahali pa utamu, linaingia tangazo la biashara, unabaki na kiu. Kuna waliokuwa washirika wa kanisa lile walioshukuru sana, na kuna walioona machungu yao yamefanywa burudani ya watu kusikiliza huku wakiosha vyombo. Nadhani wote wawili wako sawa. Podikasti ilipanda hadi juu kabisa kwenye orodha za vipindi vya dini, na mimi huwa natabasamu kwa uchungu nikikumbuka kwamba mahubiri ya Driscoll nayo yalipanda orodha hizo hizo miaka ile. Njaa ni ile ile, tumebadilisha chakula. Sehemu ya kwanza inauliza nani aliyeiua Mars Hill, na wasikilizaji wengi walijibu kwa jina la mtu mmoja, wakalala usingizi. Podikasti yenyewe, hasa mnapozidi kuingia ndani, inajaribu kuwageuzia kioo waliopakua mahubiri, waliocheka utani wa kuwadhalilisha watu, walioona hasira ile ni upako.

Kijana wako atauliza pia Driscoll yuko wapi sasa, maana tamthilia huisha mbaya akipata malipo yake. Yuko Scottsdale, Arizona. Ameongoza kanisa huko tangu 2016, na amewahi kueleza kwamba ni Mungu aliyemwachilia aondoke Mars Hill. Hapo ndipo wasikilizaji wengi walipokasirika kweli, na ndipo kicheko cha kijana wako kitakapokatika. Usimharakishe kumpa jibu. Mwache akae na hasira hiyo kidogo, ni darasa.

Nimefika kwa binti aliyelia. Nakuandikia polepole hapa.

Usifikiri alilia kwa ajili ya Seattle. Mimi nilisikiliza ile habari ya 2007 nikiwa kwenye gari, nikalazimika kuegesha kando ya barabara. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katibu wa baraza la wazee katika kanisa moja. Mhazini wetu, mama mpole asiyependa makuu, aliomba kuona taarifa ya benki. Aliomba mara moja tu. Mwezi uliofuata alihamishiwa kamati ya mapambo. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari wa kikao kile, na niliandika kwamba ajenda ilipita bila pingamizi. Kalamu ilikuwa yangu. Sikuwahi kumwomba radhi mpaka alipohama mji. Kwa hiyo watu walipokuwa wakimlaani Driscoll, mimi nilikuwa nikisikia habari za wale wazee wengine, walioinua mikono wenzao wawili wakahukumiwa.

Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Mtu husikiliza akiwa kwenye kiti anachokalia kanisani kwake. Aliyefukuzwa anasikia kufukuzwa, na aliyeandika muhtasari anasikia kalamu. Mchungaji naye anasikia mlango unagongwa usiku. Yule ambaye hajawahi kukalia kiti chochote anacheka, kwa kuwa kwake ni hadithi bado.

Binti amesikia nini, huwezi kujua mpaka akuambie, na asikuambie mbele ya watu. Mtafute faraghani, wewe ukiwa mwanamke itakuwa rahisi zaidi, umuulize tu kama kuna jambo limemkumbusha kitu, kisha unyamaze. Usimgeuze ushuhuda wa kikundi. Waliokuwa Mars Hill wengi walieleza kwamba kilichowavunja ni kugundua miaka saba au kumi baadaye kwamba yaliyowapata yalikuwa na jina na kwamba hawakuwa peke yao. Ikiwa ni mambo ya kusemwa vibaya au kutengwa, hapo mna kazi ya kuponya pamoja. Ikiwa ni mtoto kuguswa vibaya, hilo si la baraza la wazee hata kwa dakika tano, ni la polisi na ustawi wa jamii wa huko mliko.

Kuna itikio moja hukulitaja, lakini nakuhakikishia limo chumbani. Ni la yule anayesema, "Lakini mimi niliokoka pale." Walikuwepo wengi: vijana wa Seattle, mji usiopenda sana kanisa, waliobatizwa Mars Hill, wakaacha pombe, wakaoa, wakapata watoto. Waliposikia podikasti walihisi kama wanaambiwa ubatizo wao ni feki. Usiruhusu kikundi kimlazimishe mtu kuchagua kati ya shukrani yake na ukweli. Na kwenu jambo hili ni zito kuliko kwa wazungu. Mchungaji wa Waswahili ughaibuni si mhubiri tu. Ndiye aliyekuja kukupokea uwanja wa ndege wa Sea-Tac usiku wa baridi, akakutafsiria barua ya shule, akakusindikiza hospitali, akakuonyesha duka lenye unga wa ugali. Mtu kama huyo humuulizi hesabu. Deni linakufunga mdomo, na ni deni la kweli, la mapenzi. Sisemi Baba Mchungaji wenu analitumia vibaya. Nasema hata mtakatifu akipewa watu wenye deni kubwa hivyo wasio na uwezo wa kusema hapana, amewekwa pabaya yeye mwenyewe.

Wanawake walilalamika kwamba podikasti iliwapa nafasi ndogo, wakati wao ndio waliobeba mengi ya mafundisho yale kuhusu ndoa na unyumba. Ipo sehemu inayowahusu, nayo ni nzito. Mwaka 2014 yalifufuliwa pia maandishi ambayo Driscoll aliyatoa kwenye intaneti miaka ya mwanzo ya kanisa kwa jina la kujificha, William Wallace II, yenye lugha juu ya wanawake na wanaume ambayo siwezi kuitafsiri hapa. Aliomba radhi kwa hayo. Wengine wakahoji: jarida la Christianity Today lililotengeneza podikasti, jarida aliloanzisha Billy Graham mwaka 1956, si nalo ni sehemu ya ulimwengu ule ule uliowapamba wachungaji mashuhuri? Swali halali. Machi 2022, miezi michache tu baada ya podikasti kufika mwisho, jarida hilo lilichapisha habari juu yake lenyewe: viongozi wake wawili walikuwa wamewasumbua wafanyakazi wanawake kwa zaidi ya miaka kumi, malalamiko yakatolewa, hatua hazikuchukuliwa. Nyani haoni kundule, ila huyu angalau aligeuka akatazama na akaandika alichokiona.

Hukukosea kuwasikilizisha. Ulichokosa ni kuanza bila kumwambia Baba Mchungaji, na hilo unaweza kulirekebisha wiki hii. Nenda kwake, si kwa simu wala kwa WhatsApp, nenda na mtu mzima mmoja anayemheshimu. Mwombe radhi kwa kumshtukiza. Usiombe radhi kwa podikasti. Kisha mwombe kitu kimoja: katiba ya kanisa lenu, ile iliyoandikwa mlipojisajili, iko kwenye faili la mtu. Mwambie vijana wanataka kuisoma naye, yeye akiwa mwalimu. Mkiifungua, mtafute mambo mawili tu: nani anaweza kumwambia mchungaji hapana na kesho yake bado akawa na kiti chake, na ni watu wangapi wanaoona taarifa ya benki. Akifurahi kuifungua, basi alichosema madhabahuni kilikuwa hofu ya siku moja, na wachungaji nao ni watu. Akikataa, usipigane naye hapo ofisini. Ondoka kwa adabu, uniandikie tena, maana hiyo ni barua nyingine.

Podikasti yenyewe msiiache, ila punguzeni mwendo: sehemu moja kwa wiki mbili, na baada ya kuzima, dakika tano za kimya kabla mtu hajasema neno. Kijana anayecheka mpe kazi ya kuandika majina ya wote wanaotajwa kuumizwa katika sehemu hiyo. Na mkifika ile ya wanawake, usiiongoze wewe. Mwombe yule mama.